Leotadi ya Pamba au ya Nailoni: Ulinganisho kwa Anayenunua Vazi la Kwanza la Baleti

Mtoto akiandikishwa katika darasa la baleti, mwalimu humwambia mzazi alete leotadi, yaani vazi la kipande kimoja linalobana kiwiliwili, na mzazi akifika dukani hugundua kwamba leotadi zipo za kila namna. Ninazo mbili mezani ninapoandika haya. Ya kwanza ni nyeusi, ya pamba iliyochanganywa na laikra (uzi unaovutika na kurudi), ina mikono mifupi na shingo ya mviringo, na imefuliwa mara nyingi hadi weusi wake umeanza kuelekea kijivu. Ya pili ni ya nailoni na laikra, rangi ya zambarau, ina vikamba vyembamba mabegani na mgongo uliokatwa hadi karibu na kiuno. Zote mbili ni za binti yangu, anayeingia mwaka wa nne wa mafunzo, na zote zimefanyiwa kazi katika joto la Dar es Salaam. Nitazilinganisha hizo, lakini nitalazimika kurudi nyuma mara kwa mara, kwa kuwa karibu kila kinachotofautisha leotadi moja na nyingine, kuanzia uzi hadi mkato wa mguu, kina wakati wake na sababu yake, na mnunuzi anayeijua sababu hiyo hashikwi na rangi peke yake.

Vazi hili lilitoka kwenye sarakasi. Limepewa jina la Jules Léotard, mwanasarakasi wa Toulouse nchini Ufaransa, ambaye tarehe 12 Novemba 1859 aliruka hewani kutoka bembea moja hadi nyingine katika ukumbi wa Cirque Napoléon jijini Paris. Kazi hiyo ilidai nguo ya kufumwa iliyobana mwili, isiyo na pindo la kunasa kwenye kamba wala kitambaa cha kupeperuka mbele ya macho, na ambayo ingewawezesha watazamaji kuona msuli unavyofanya kazi. Mwenyewe aliiita maillot. Alifariki mwaka 1870, na baadaye wasemaji wa Kiingereza ndio waliolipa vazi hilo jina lake. Mambo mawili aliyoyataka Léotard, usalama wa mwili na kuonekana kwake, ndiyo yaleyale yanayomfanya mwalimu wa leo amkatalie mwanafunzi fulana pana ya nyumbani.

Wacheza baleti wa zama hizo walikuwa mbali na nguo ya namna hiyo. Mwaka 1832 Marie Taglioni alipanda jukwaa la Opera ya Paris kucheza La Sylphide akiwa na sketi nyeupe nyepesi iliyoishia chini ya magoti, na tangu hapo sketi za melimeli na tarlatani, vitambaa vyepesi vya pamba, zikawa ndilo vazi la baleti, jukwaani na mazoezini pia. Edgar Degas aliwachora wanafunzi wakiwa hivyo miaka ya 1870: kifua kimebanwa, mshipi wa rangi uko kiunoni, na sketi imepanuka kama mwavuli. Wazazi wengi wakiwaza baleti huwaza picha hizo, na watoto hudai sketi kabla ya kitu kingine chochote. Nawaelewa, lakini sketi zile zilikuwa na hatari kubwa. Tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi kwenye Opera ya Paris, sketi ya Emma Livry ilishika moto wa taa ya gesi. Aliugua majeraha kwa miezi minane, akafa Julai 1863 akiwa na umri wa miaka 20. Dawa ya kuzuia moto kwenye vitambaa ilikuwapo, naye aliikataa kwa sababu ilikikakamaza kitambaa na kukifubaza. Umeme uliiondoa hatari hiyo, ila sketi ya mazoezi imebaki na kasoro nyingine: inaficha nyonga, mahali ambapo kosa la mwanafunzi huanzia.

Hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20 wanafunzi wengi walikuwa bado wanafanya mazoezi wakiwa na gauni fupi. Leotadi iliingia madarasani polepole, ikiwa ya sufu au pamba iliyofumwa, na mwaka 1943 wabunifu wa Marekani, Mildred Orrick na Claire McCardell, walijaribu kuifanya vazi la wasichana wa vyuo, livaliwe chini ya gauni lisilo na mikono ili kuwakinga na baridi. Tatizo la leotadi za wakati huo lilikuwa uzi. Nguo ya kufumwa huvutika, lakini isipokuwa na uzi wa kuirudisha, baada ya saa moja ya jasho huning'inia matakoni na viwikoni na kubaki hivyo hadi ifuliwe. Ulinganisho wa pamba na nailoni unaanzia kwenye tatizo hilo.

Pamba na nailoni

Nailoni ilitengenezwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont nchini Marekani, na soksi ndefu za kike za nailoni zikaanza kuuzwa nchi nzima tarehe 15 Mei 1940. Ilikuwa nyepesi, ilikauka upesi, wala haikuliwa na nondo kama sufu. Hata hivyo nailoni peke yake haikutosha. Leotadi nyingi za miaka iliyofuata zilihitaji zipu mgongoni ili mwili upite. Kilichobadilisha mambo ni uzi aliouvumbua Joseph Shivers wa kampuni hiyohiyo mwaka 1958, ambao tunaujua kwa jina la laikra. Unaweza kuvutwa hadi takriban mara tano ya urefu wake na kurudi ulivyokuwa. Ulikusudiwa kuchukua nafasi ya mpira katika nguo za ndani za kubana, lakini kwa wacheza dansi ulikuwa jibu la shida ya miaka mingi. Leotadi yoyote ya maana inayouzwa leo, iwe ya pamba au ya nailoni, ina laikra ndani yake: kwenye za pamba mara nyingi ni asilimia 10 hivi, kwenye za nailoni inaweza kukaribia asilimia 20.

Tofauti hiyo ya asilimia inaonekana kwa macho. Ile nyeusi ya pamba, binti yangu akiivaa asubuhi imekaa vizuri kabisa. Baada ya saa moja na nusu ya mazoezi mwezi Februari, kifua na mgongo vimelowa, kitambaa kimekuwa kizito, na sehemu ya nyuma imeanza kushuka kiasi kwamba anaivuta kila anapomaliza zoezi. Ya zambarau hailegei. Inalowa pia, lakini jasho linasambaa na kukauka, na ikifuliwa jioni na kuanikwa ndani ya nyumba, asubuhi iko tayari. Wakati wa masika, pamba iliyoanikwa ndani haikauki usiku mmoja. Niliwahi kumpeleka mtoto darasani na leotadi yenye unyevunyevu kwapani kwa sababu hiyo tu.

Hata hivyo pamba ina mambo mawili yanayoipa uzito katika hesabu yangu. Ngozi inapumua, na mtoto mwenye ngozi nyepesi kuwashwa au mwenye pumu ya ngozi ataivumilia kuliko nailoni inayogandamana na mwili. La pili ni kwamba pamba haing'ai. Nailoni ya kung'aa hurudisha mwanga wa taa na wa dirisha, na mwanga huo unachora mistari isiyokuwapo kwenye tumbo na mbavu, hivyo mtoto huanza kujitazama kiooni badala ya kumsikiliza mwalimu. Ipo nailoni ya uzi mwembamba sana isiyong'aa, laini inayokaribia pamba mkononi, na ukiipata kwa bei unayoiweza ndiyo inayounganisha mazuri ya pande zote mbili. Bei yake, kwa bahati mbaya, humshinda mzazi wa mtoto anayekua haraka.

Usinunue kitambaa chochote kati ya hivyo kabla ya kukijaribu kwa mkono. Shika sehemu ya pembeni kwa vidole gumba viwili, acha kati yake nafasi ya sentimita 10 hivi, vuta hadi kitambaa kikatae, kisha achia. Kikirudi bila mawimbi, laikra ni hai. Kikibaki na mkunjo kama mdomo wa soksi kuukuu, kiache. Halafu kivute tena ukikielekeza kwenye mwanga wa dirisha: kama weusi unageuka kijivu na unaona vidole vyako kwa upande wa pili, leotadi hiyo itaonyesha mwili mtoto anapoinama. Mwisho igeuze ndani uone kama kuna bitana mbele, na kama lastiki ya miguu imefunikwa na kitambaa au imeachwa wazi kusugua paja.

Mikono, mgongo na mkato wa mguu

Kuhusu mkato, anayestahili kutajwa kwanza ni mtunzi wa baleti George Balanchine. Baleti yake The Four Temperaments ilionyeshwa mara ya kwanza New York mwaka 1946 ikiwa na mavazi ya mchoraji Kurt Seligmann, mazito na yenye mapambo kiasi cha kuwafunika wachezaji. Mwaka 1951 aliyatoa yote, akawavalisha nguo za mazoezi: leotadi nyeusi na taiti kwa wanawake, fulana nyeupe na taiti nyeusi kwa wanaume. Mwaka 1957, katika baleti yake nyingine, Agon, aliendelea na mavazi hayo tangu siku ya kwanza. Nguo iliyokuwa ya darasani ikapanda jukwaani bila kubadilishwa, na mtazamaji akalazimika kutazama mwendo wenyewe. Leotadi nyeusi isiyo na pambo ambayo shule nyingi huidai hadi leo inaendana na fikra hiyo, na mimi naiona ni fikra sahihi.

Tukizilinganisha leotadi zetu kwa kigezo hicho, ya vikamba inashinda kwa mwanafunzi mkubwa. Mwalimu anaona mabega yanapopanda, anaona mifupa ya mgongo inavyokaa mikono inapofunguka, anasahihisha palepale. Mikono mifupi inaficha sehemu ya habari hiyo. Lakini kwa mtoto wa miaka 6 au 7 hesabu inageuka, kwa sababu vikamba vinateleza, na kila vinapoteleza mkono unaacha nafasi yake ili uvirudishe. Nimekaa pembeni mwa darasa la watoto kumi na wawili nikatazama jambo hilo kwa saa nzima: wenye vikamba walikuwa wanajirekebisha, wenye mikono mifupi walikuwa wanacheza. Mikono mirefu ni ya mahali pa baridi, au ya familia inayotaka mtoto afunikwe. Ikiwa ni hiyo ya pili, mwelezeni mwalimu mapema, kwani leotadi ya mikono mirefu pamoja na taiti nzito na sketi nyepesi ya kufunga kiunoni ni mavazi yanayofahamika darasani wala hayamzuii mtoto kujifunza.

Mkato wa mguu ndio uliobadilika sana kwa fasheni. Miaka ya 1950 mguu ulikatwa chini, karibu unyooke kupita juu ya paja. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Danskin ya New York iliuza leotadi zilizovaliwa na sketi hadi kwenye kumbi za disko, na ilipofika miaka ya 1980, mazoezi ya viungo kwa muziki yalipovuma na kaseti ya video ya Jane Fonda ya mwaka 1982 ikaingia majumbani, mkato ulipanda hadi juu ya mfupa wa nyonga. Mkato huo hurefusha mguu machoni, ndiyo maana jukwaani unapendwa. Darasani, kwa mtoto, kitambaa hupanda na kukusanyika nyuma kila anapoinua mguu. Chagua mkato wa kati, unaofuata mstari ambapo paja linakunjika.

Kutoka zama hizohizo tumerithi vazi jingine linalowachanganya wanunuzi. Mwaka 1985 mbunifu wa mavazi Donna Karan aliweka katika mkusanyiko wake wa kwanza wa mavazi nguo ya kubana kiwiliwili kwa ajili ya mwanamke wa ofisini, na nguo za ukoo huo, bodisuti zenye vifungo vya kubana chini, zimejaa madukani kwetu. Zinafanana na leotadi zikiwa kwenye henga. Vifungo vile hufunguka mtoto anapopiga msamba, na vikikataa kufunguka huminya ngozi. Kama kuna vifungo chini, hiyo si nguo ya kuchezea baleti.

Rangi ya taiti

Hapa sitalinganisha kwa muda mrefu, kwa kuwa msimamo wangu hauyumbi. Taiti ya waridi iliwekwa ili ifanane na ngozi ya wachezaji wa Ulaya, ili mguu na kiatu vionekane mstari mmoja usiokatika. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi taiti hiyohiyo inafanya kinyume: inaukata mwili kiunoni, juu rangi moja na chini nyingine. Arthur Mitchell, aliyecheza Agon na Diana Adams mwaka 1957 na kuwa mchezaji Mweusi wa kwanza kufikia daraja la juu katika kundi la New York City Ballet, alianzisha Dance Theatre of Harlem pamoja na Karel Shook mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1974 wachezaji wa kundi hilo wakavaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao. Kwa miaka mingi wachezaji Weusi walilazimika kupaka viatu vyao vipodozi kwa mkono, jozi baada ya jozi. Mwaka 2018 kampuni ya Freed of London, ikishirikiana na kundi la Ballet Black, ilianza kuuza viatu vya kusimamia ncha za vidole katika rangi za kahawia na shaba. Kwa hiyo rangi hizo zipo sokoni. Shule ya mtoto wako ikiruhusu, nunua taiti ya rangi ya ngozi yake. Ikiwa kanuni zinasema waridi, uliza kanuni hizo ni za mtihani tu au ni za kila siku, maana mara nyingi hakuna aliyewahi kuuliza.

Dukani, mitumbani au kwa fundi

Leotadi mpya ya duka maalumu ina faida moja kubwa, nayo ni ukubwa unaoeleweka. Ukubwa huo haupimwi kwa umri wala kwa kifua peke yake. Weka utepe wa kupimia juu ya bega, ushushe mbele, upitishe kati ya miguu, uupandishe mgongoni hadi bega lilelile. Mzunguko huo wa kiwiliwili ndio unaoamua. Mtoto mwembamba mwenye kiwiliwili kirefu akipewa leotadi ya umri wake, kamba zitamkata mabegani, na mzazi atadhani kosa ni la kitambaa.

Kwenye mitumba, Karume kwa Dar es Salaam au Gikomba kwa Nairobi, leotadi nzuri hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani, zikiwa zimechanganyika na nguo za kuogelea na za jimnastiki. Ya kuogelea huwa na bitana nzima mbele na nyuma, na laikra yake mara nyingi imeliwa na klorini. Ivute karibu na sikio: laikra iliyokufa hutoa mlio mkavu wa kukatikakatika, na nyuzi nyeupe kama nywele hujitokeza kwenye mishono. Ya jimnastiki hung'aa mno kwa baleti na mkato wake wa mguu uko juu.

Fundi naye anaweza, ikiwa ana ovaloki na amepewa kitambaa kinachovutika pande zote nne. Akishona kwa mshono ulionyooka wa cherehani ya kawaida, uzi utakatika siku ya kwanza mtoto anapokunja mgongo. Mpelekee leotadi ya zamani inayomfaa mtoto aifuate kama sampuli, kuliko kumwonyesha picha ya simu.

Hukumu yangu, baada ya kuziweka zote sambamba, ni hii. Kwa anayeanza, wa darasa moja au mawili kwa wiki, nunua ya pamba na laikra, mikono mifupi, mguu wa mkato wa kati, rangi inayotakiwa na shule. Ataiacha kwa kukua kabla haijafifia vibaya. Akifikia madarasa matatu au zaidi kwa wiki, ongeza ya nailoni, kwa sababu kuanzia hapo swali linakuwa la kukauka kati ya somo na somo. Shule zinazofuata mitihani huweka rangi kwa kila daraja na wakati mwingine mkanda wa lastiki kiunoni, basi uliza kabla hujatoa pesa. Zote zifuliwe kwa mikono na maji baridi, bila dawa ya kuondoa madoa wala ya kulainisha nguo, na zianikwe kivulini, kwani jua la mchana na pasi ya moto huua laikra mapema kuliko mazoezi yanavyoiua.

Ya zambarau itaendelea mwaka huu wa nne. Ya pamba imeshambana binti yangu, nayo nitampa mtoto wa dada yangu, wa miaka 7, anayeanza mwezi Januari. Kitambaa nimekivuta kwa vidole gumba jioni ya leo na bado kinarudi. Kilicholegea ni lastiki ya mguu wa kushoto, na hiyo itapelekwa kwa fundi Jumamosi.